Nyimbo 8 za kantri kwa shilingi 364,300

Nianze na hesabu, maana ndiyo watu huniuliza wakishamaliza kunipongeza. Albamu yangu ya kwanza ya kantri ina nyimbo 8, inachukua dakika 31, na imenigharimu shilingi 364,300. Nilikuwa nimepanga 150,000. Laki 2 nilikopa SACCO, 85,000 zikatoka kwa mtamba wangu mwenye mimba niliyemuuzia jirani, na zilizobaki nilizidokoa kidogo kidogo kwenye malipo ya shoo za wikendi. Nikikaa na kalamu naona zaidi ya 150,000 zimekwenda na makosa ambayo mtu angeninong'oneza mapema ningeyakwepa. Hakukuwa na wa kuninong'oneza. Sisi waimbaji wa kantri hapa Kenya si wengi, na wenzetu wa injili wana mtindo wao wa studio: biti iko tayari, unaingia saa nne, saa kumi umetoka na wimbo.

Watu wa mbali hushangaa wakisikia mwalimu wa Bomet anaimba kantri. Kwetu si jambo geni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet na mashine yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku, na jina likapita kwenye ulimi wetu likatoka hivyo. Kogo, yaani bibi yangu mzaa baba, alilijua jina hilo kabla ya kujua kuna nchi inaitwa Marekani. Mimi nimekulia kwenye redio ya Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton. Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha hesabu. Wikendi nafunga kofia na buti kwenye begi naenda Kericho, Nakuru, wakati mwingine Kiambu, naimba nyimbo za watu hadi usiku wa manane.

Agosti 2023 nikaamua kurekodi zangu mwenyewe. Nilikuwa nazo 14 kwenye daftari la mistari, nikachagua 10. Studio ya kwanza ilikuwa Nairobi. Bei 15,000 kwa wimbo, nusu mbele. Tukapeana mkono, tukanywa soda, nikatuma 75,000 kwa M-Pesa. Ule ujumbe wa M-Pesa ndio mkataba wote niliokuwa nao.

Nyimbo zangu zilikuwa mbichi. Sikulijua hilo, kwa sababu ukiimba baa watu wanapiga kelele na wewe una gitaa la kukuficha, ubeti dhaifu unapita bila kuonekana. Kwenye hedifoni hakuna pa kujificha. Wimbo wa tatu nilikuwa nimeuandika na beti mbili na nusu, nikiamini nusu iliyobaki itakuja yenyewe nikisimama mbele ya maiki. Haikuja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitafuna kalamu siku nzima huku mtu analipwa kunitazama. Katika bei tuliyopatana, kila wimbo ulikuwa na siku 1 ya kurekodi; siku ya ziada 4,000. Nilitumia siku 9 za ziada. Hizo ni 36,000 za kufanya kazi ambayo ningeifanya bure chini ya mti wa parachichi nyumbani.

Tena kulikuwa na suala la ufunguo, yaani wimbo uimbwe juu au chini kiasi gani. Nyimbo nyingi nilikuwa naziimba juu, kwa sababu saa tano usiku, baada ya nyimbo 20, koo limepata moto na linakubali. Studio tulianza saa tatu asubuhi. Sauti ilikuwa inapanda hadi mahali fulani inakwaruza, prodyuza anasema tena, tena, tena, hadi mchana sauti imekwisha kabisa na siku imekwenda nayo. Siku hizi nina jaribio moja: naimba wimbo mara 3 mfululizo, saa ileile nitakayorekodi, bila kupumzika katikati. Mara ya tatu ikinikaza shingo, nateremsha ufunguo, hata kama roho inauma. Nyimbo 5 kati ya 8 za albamu ziliteremka.

Na kosa hili ni langu peke yangu, simlaumu mtu: prodyuza alitaka nirekodi na kliki, ile metronomu inayogonga masikioni. Nikakataa. Nikamwambia kantri ya kweli haichezwi kwa saa ya ukutani. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Ilipofika Desemba tulikuwa tumerekodi nyimbo 6 na pesa zangu zimekwisha. Nikaomba faili zangu nikatafute salio. Akasema malipo kwanza. Tukabishana wiki 2 kwa simu, heshima ikipungua kila siku, mwisho akanitumia nyimbo zikiwa zimeshachanganywa: sauti, gitaa, besi, kila kitu kwenye faili moja kwa kila wimbo, kama ugali na mboga vilivyopondwa pamoja. Huwezi kutoa sauti ukaacha gitaa. Vipande vyenyewe vya kila ala, akasema, diski imeharibika. Huenda ni kweli. Nami sikuwa nimeandika popote kwamba ni vyangu. Shilingi 111,000 zikaishia hapo.

Kwa hiyo ukienda, hata kama ni studio ya binamu yako, andika ukurasa mmoja tu. Siku ngapi kwa wimbo, na siku ya ziada ni bei gani. Kwamba vipande vya kila ala ni vyako, kwa WAV, ile faili ya sauti isiyobanwa, vyote vikianzia sekunde sifuri ili mtu mwingine akivipanga vikae sawa. Na uende na diski yako ya nje. Mimi mara ya pili niliazima ya shemeji yangu, na kila jioni kabla ya kuaga tulinakili kazi ya siku. Kama mtu anakasirika ukimwonyesha karatasi hiyo, afadhali akasirike kabla hujatuma malipo ya kwanza.

Sasa nisimulie la Nashville. Kantri bila ile stili gitaa, inayolazwa mbele ya mpigaji, yenye nyuzi 10, pedali miguuni na vyuma vya kusukuma kwa goti, kwangu ni chai bila majani. Sikupata mpigaji hapa. Nikampata mzee mmoja huko Nashville anayefanya kazi kwa mtandao: unamtumia wimbo, anapigia kwake, anakurudishia kipande chake peke yake. Dola 70 kwa wimbo. Januari 2024 nikamtumia nyimbo 4 kati ya zile zilizopondwa. Dola 280, na wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Toa 44,800.

Barua yake ya kwanza ilikuwa na upole ulionitia aibu. Karatasi yangu ilisema wimbo uko kwenye G. Masikio yake yalisikia A. Nilikuwa nimeandika vidole vyangu vinavyoshika, nikasahau kwamba kapo, kile kibanio cha nyuzi, iko kwenye kipande cha pili cha shingo la gitaa. Akaniuliza kama naweza kumwandikia kwa namba. Ndipo nikajifunza utaratibu wa Nashville: kila kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, huitwa kwa namba; ya nyumbani ni 1, ya nne ni 4, ya tano ni 5, na kadhalika, wimbo mzima unakuwa safu za namba kwenye karatasi moja. Uliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Neal Matthews Jr. wa kundi la Jordanaires, wale walioitikia nyuma ya Elvis Presley. Ukibadilisha ufunguo, karatasi haibadiliki. Mwalimu wa hesabu nimeimba miaka 15 bila kujua kitu hicho! Wanafunzi wa kanisani wanaosoma do-re-mi wataelewa kwa dakika 10. Tangu siku hiyo sijaandika G wala A kwenye karatasi ya mwenzangu.

Stili ilirudi tamu ajabu. Nilisikiliza kwenye matatu nikapitiliza steji yangu. Lakini ilikuwa imepigwa juu ya nyimbo ambazo nisingeweza kuzitumia, na mwendo wake ulikuwa unapanda na kushuka nami, kwa kuwa mimi niliikataa kliki. Wimbo mmoja ulianza kwenye mapigo 92 kwa dakika ukamalizia kwenye 97. Niliporekodi upya kwa mwendo ulionyooka, stili ile haikukaa popote. Mzee akakubali kurudia zote 4 kwa nusu bei, dola 140. Hiyo ilikuwa mwisho wa Machi, na dola imeshuka hadi karibu 132, nikalipa kama 18,500. Ile ya Januari ningeisubirisha miezi 2 tu, ingekuwa afueni ya karibu 8,000. Nani alijua. Ila somo si dola. Ni kwamba ala ya nje inarekodiwa mwisho, gitaa na ngoma zikishakaa mahali pake.

Studio ya pili ilikuwa Nakuru, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, mwenyewe mama wa makamo aliyeanzia kurekodi kwaya. 12,000 kwa wimbo. Nilipoingia Februari hakunigusia bei kwanza. Aliniambia, "Mwalimu, niimbie zote, bila kurekodi." Nikaimba 10. Alisikiliza amefumba macho, akaandika kwenye kijikaratasi, mwisho akasema, "Hizi mbili bado. Tutafanya nane." Nilinuna. Zile mbili sijazimaliza hadi leo.

Mtamba niliuza wiki hiyo.

Siku ya kwanza ya kurekodi gitaa nilivaa kamili: kofia, buti, mshipi wenye lile bamba kubwa la chuma lenye kichwa cha fahali. Niliamini mavazi yanaleta moyo wa nyimbo. Tukapiga mara ya kwanza, akasimamisha. Mara ya pili, akasimamisha. Akavua hedifoni akaja akainama karibu na gitaa langu kama daktari.

"Mwalimu, kuna kitu kinagonga."

"Ni mguu wangu labda, mama."

"Si mguu. Piga tena polepole."

Nikapiga. Kila mkono ulipoteremka, gitaa lilirudi nyuma kidogo na chuma cha mshipi kikagusa mgongo wake: tik. Tik. Tik. Kilikuwa kimechimba alama tatu kwenye vanishi, za miaka, sikuwahi kuziona.

"Vua mshipi," akasema. Kisha akanitazama juu. "Na kofia pia. Ukingo wake unarudisha sauti kwenye maiki."

Nikarekodi albamu ya kantri nimeshika suruali kwa mkono kila nikiinuka kwenda kunywa maji.

Mama huyohuyo ndiye aliyeniuliza swali ambalo wenzangu wa baa walikuwa na adabu ya kutoniuliza. Nilikuwa kwenye wimbo wa Kiingereza, akabonyeza kitufe akanisemesha masikioni: hiyo "r" yako umeitoa wapi? Nikacheka, akanyamaza, akisubiri jibu. Nilikuwa najikunja ulimi kama mtu wa Texas, na mtu yeyote wa Texas angejua papo hapo kwamba sijawahi kufika hata uwanja wa ndege. Tukarekodi tena kwa Kiingereza changu cha darasani. Sikupendezwa. Bado kuna mistari miwili katika wimbo wa pili ambayo naona "r" ya zamani ilikuwa inaikalia vizuri zaidi, lakini pesa ya kubishana haikuwepo.

Mvua pia iwekwe kwenye bajeti. Nakuru Aprili, paa la mabati: ikianza unakaa. Tulipoteza alasiri 4. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, rekodi sauti Januari au Februari, besi iachie masika, kwa sababu besi inaingia kwa waya haisikii mvua.

Wapigaji wa ngoma na besi niliwalipa 3,000 kila mmoja kwa wimbo, jumla 48,000. Fidla alipiga kijana wa kanisani, 5,000 kwa wimbo, nyimbo 3, jumla 15,000. Huyo shida yake ilikuwa kupiga vizuri mno, kidole kikitetemeka kwenye kila noti kama okestra ya ikulu. Tukamwomba asitetemeshe kidole, noti inyooke, na aanze kidogo chini kisha ateleze juu. Nusu saa tu, akaelewa. Mastaringi, yaani kusawazisha sauti kwa mara ya mwisho, 2,500 kwa wimbo. Picha na jalada 8,000. Ada ya kampuni ya kusambaza mtandaoni kama 3,000 kwa mwaka.

Mpiga besi ndiye aliyenipa usiku mmoja wa kukosa usingizi. Tukiwa studio alipendekeza mahali pa katikati pa wimbo wa sita pabadilike, akauimba, tukaupenda, tukarekodi. Wiki 3 baadaye akanipigia kuuliza jina lake litaandikwa wapi. Nilitaka kukasirika, mpaka nikasikiliza tena: bila kipande chake wimbo ule ni wa kawaida. Tukaandikiana kwenye karatasi, 80 kwangu 20 kwake, sahihi mbili, picha kwa simu. Kazi hiyo ifanywe siku ileile studio, wakati kila mtu bado anacheka. Baada ya hapo nilisajili nyimbo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na jina lake limo.

Nilitaka pia kumwimba Jimmie Rodgers mwenyewe, wimbo mmoja, kwa heshima ya kogo. Nikajipigia hesabu: sheria yetu inalinda wimbo miaka 50 baada ya mtunzi kufa, amekufa 1933, basi niko huru. Rafiki anayejua mambo hayo akaniuliza, ameutunga peke yake? Nikatafuta. Nyimbo zake nyingi alishirikiana na shemeji yake, Elsie McWilliams, dada ya mkewe, ambaye alifariki 1985. Watunzi wakiwa wawili, miaka inaanza kuhesabiwa kwa aliyekufa mwisho, kwa hiyo hapa Kenya wimbo waliotunga pamoja unalindwa hadi mwisho wa 2035. Na huko Marekani nyimbo za enzi hizo huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa, na mtandao hauishii Namanga. Leseni ya kurudia wimbo wa mtu hupatikana, ila huombwa mapema. Mimi nilikuwa nimechelewa, nikauacha. Badala yake nikatunga wa kwangu kwa Kikipsigis kuhusu mgeni anayekuja kijijini ndani ya sanduku linaloimba. Ndio wimbo watu wanaouomba sana kwenye shoo, hata Kiambu, ambako hakuna anayeelewa neno.

Albamu ilitoka Agosti 2024, na hapo nikafanya kosa la mwisho. Niliipakia Jumatano ili itoke Ijumaa. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, wanataka wimbo uwafikie angalau siku 7 kabla ndipo uweze kuupendekeza kwa wale wanaopanga orodha zao za nyimbo. Nikaikosa nafasi hiyo kwa haraka ya bure. Hakuna aliyekuwa ananisubiri Ijumaa ile isipokuwa mimi. Jingine: tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu huko. Nyimbo zangu 5 hazikufika. Mwaka wa kwanza mtandao ulinipa chini ya dola 20.

Pesa ilitoka mahali ambapo sikutazamia: flashi. Mzee mmoja wa lori Kericho aliniambia anaipenda albamu lakini hana bando ya kuichezea barabarani, kwa nini nisimwekee kwenye flashi? Nikanunua chache za jumla kwa 350 kila moja, nikapakia nyimbo 8, nikauza kwa 600. Zimeshauzwa 143, karibu zote kwa madereva na wazee wenye pikapu, wengi wao baada ya shoo, wakiwa wameshakunywa. Zingatia jambo moja: zipe faili majina yenye namba mbele, 01, 02, la sivyo redio ya gari inazipanga kwa alfabeti na wimbo wa maombolezo unaanza wa kwanza.

Mkopo wa SACCO unaendelea kukatwa kwenye mshahara. Mtamba wa jirani alizaa, akazaa tena, na njia yangu ya kwenda shuleni inapita kando ya zizi lake. Mke wangu albamu ile hajawahi kuiita kwa jina lililo kwenye jalada. Watoto wakiiweka, anasikika kutoka jikoni:

"Nani amefungulia Mtamba? Punguzeni sauti."